Majibu Anatoa Daktari

Lifti ya hospitali ilikufa wakati watu wamefurika, na ngazi zikawa kama njia ya siafu. Mpiga picha za ultrasaundi alikuwa akipanda ghorofa ya nne, viatu mkononi, koti jeupe limekunjika, alipojikwaa kwenye miguu ya mwanamume wa ovaroli la bluu aliyelala chali mbele ya mlango wa lifti.

"Fundi, utaamka lini?"

"Nikipata sababu, dada." Akainua kichwa. "Nimeipata."

"Shika bisibisi. Mdomo hautengenezi lifti."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu: "Laazizi, umekula?" Naye, macho yakijifumba kwa uchovu, hujibu, "Nimeshiba matumbo ya watu." Wakapanga kwenda kwa mama wa mpiga picha, fundi akajitambulishe.

Kabla ya safari, ubavu ukaanza kumuuma fundi. Daktari akaagiza picha ya figo na kibofu: anywe maji mengi, na haja ndogo asiende mpaka apigwe picha.

"Kibofu kimejaa?" mpiga picha alimuuliza foleni ilipomfikia.

"Nusura kipasuke, mama."

Akampaka jeli ya baridi. Kwenye skrini, kibofu kilikuwa kimesinyaa kama puto la jana. Angekuwa mtu mwingine, angemrudisha kwenye benchi akanywe maji upya. Lakini huyu alikuwa wake, uso umemkunjamana kwa maumivu, na nje wagonjwa walikuwa wanagonga mlango. Akampitisha. Figo ya kulia ilikuwa mahali pake, chini ya ini, nono kama haragwe. Akahamia kushoto, chini ya wengu. Akatafuta. Akatafuta tena. Hola.

"Mbona umenyamaza?"

"Majibu anatoa daktari," alisema, akamfuta jeli bila kumtazama.

Ndiyo sheria ya chumba kile. Fundi akayasikia kwa daktari: ubavu ni msuli tu, ila ana figo moja. Jioni akapiga simu.

"Ulijua. Ukanifuta tumbo kama meza, ukaniambia nivae."

"Ni kazi, mpenzi. Na watu wanazeeka na figo moja."

"Silii figo mimi! Ulikwepa macho yangu kama ya maiti. Kwa mama yako siendi. Sioi mtu wa kunihurumia."

Akakata.

Lifti ikawa inapanda na kushuka vizuri, na mpiga picha anapita ngazi kuikwepa. Alichoka mpaka kwenye nywele. Akawa anapiga picha, anafuta jeli, anaita mwingine. Adhuhuri moja akamrudisha mama mmoja kwenye benchi kwa sababu kibofu chake hakikujaa. Akakumbuka lile puto. Akapiga simu.

"Usikate. Siku ile ulikwenda kukojoa?"

"Swali gani hilo?"

"La mtu aliyechoka. Jibu."

"Foleni ilikuwa ndefu, nikashindwa. Mwanamume mzima... nikaona aibu kusema."

"Na mimi niliona kimekauka, nikakuonea huruma. Tumekosea wote. Kunywa maji, uje."

Alikuja na shati lililopigwa pasi, akitembea magoti yamebanana. "Ukinichekesha tu, nimekwisha."

Safari hii kibofu kiliijaza skrini, cheusi, duara, kama dirisha lililofutwa vumbi. Kupitia maji yale, nyuma yake, chini kabisa nyongani, ilionekana figo ya kushoto. Ndogo, nzima, imetulia.

Mpiga picha akaigeuza skrini, sheria na ikae kando. "Ile pale. Figo huanzia chini, mtoto akiwa tumboni, kisha hupanda mpaka mbavuni. Yako ilizichoka ngazi kama mimi, ikabaki ghorofa ya chini."

Fundi aliitazama muda mrefu. Machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe yale maneno. Twende kwa mama yako. Utakubali nikuoe?" Akaruka kutoka kitandani, mbio msalani. "Ngoja, ngoja, nakufa!"

Mlango ukabamizwa. Mpiga picha akavua viatu, akajilaza kwenye kitanda kilekile, bado kina joto lake. Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya fundi, bomba la maji lilikuwa linatiririka.

"Hujanijibu."

"Majibu anatoa daktari."

"Na daktari atasema nini?"

Akafumba macho. "Atasema ndiyo. Nawa mikono, uje."