Salama ya Karakana

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Mrefu alisukuma kiti cha magurudumu cha rafiki yake kutoka shuleni hadi kwenye karakana iliyokuwa ubavuni mwa nyumba ya kina rafiki huyo. Njiani walipiga soga. Kwa kweli, aliyepiga soga alikuwa mmoja tu. Msichana aliyekaa kwenye kiti aliitwa Chiriku, jina alilopewa na baba yake mdogo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ugonjwa wa uti wa mgongo alioupata akiwa mchanga ulimwacha bila nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Leo umemjibu mwalimu mpaka akasahau swali lake," Mrefu alisema.

"Nilimsaidia tu. Alikuwa amechoka."

"Siku moja utaongea usingizini, na ndoto zitakukimbia."

Karakana ilinuka grisi na chuma kilichoungua. Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa injini, na baba yake mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea. Hapo palikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa hata siku moja. Kabla fundi hajashusha jeki au kuwasha injini, aliita kwa sauti, "Salama?" Kila aliyekuwa karibu alijitazama kwanza: mkono uko wapi, mguu uko wapi, nani yuko chini ya gari. Aliyekuwa tayari alijibu, "Salama!" Asiyekuwa tayari alijibu, "Bado!" na kazi yote ilisimama, hata kama mteja alikuwa anafoka mlangoni. Baba mdogo alipenda kuwaonyesha wageni vidole vyake vyote. "Mnaviona?" alisema. "Hivi viliokolewa na 'bado'."

Tangu mwanzo wa mwaka, ndugu hao wawili walikuwa wakitengeneza gari moja ambalo halikuwa la mteja. Lilikuwa basi dogo kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Walilinyanyua juu ya springi ngumu ili lisigonge mawe. Waling'oa viti vya nyuma, wakachomelea sakafuni kulabu za kukamata kiti cha magurudumu, na mlangoni wakafunga ubao wa chuma wa kupandia, unaokunjwa na kukunjuliwa.

Gari hilo lilikuwa la kumfikisha Chiriku kwa bibi yake mzaa mama. Bibi aliishi juu milimani, mahali ambapo barabara ilikuwa mawe na makorongo, na mto ulipita katikati bila daraja. Watu wengine walishuka kwenye magari chini ya mlima, wakapanda kwa miguu. Chiriku hakuwahi kufika. Zamani bibi alishuka mwenyewe kumwona, lakini sasa moyo wake ulikuwa mgonjwa na hakuweza kusafiri tena. Kila Jumapili walizungumza kwa simu.

"Mjukuu wangu, utakuja lini uone nilipomzalia mama yako?" bibi aliuliza.

"Nakuja, bibi. Gari limebakiza rangi tu."

"Rangi ya nini? Mimi macho yenyewe hayaoni vizuri. Njoo na gari lisilo na rangi."

Walicheka wote. Lakini baada ya simu, mama hakurudi kazini. Alikuwa mshonaji, na siku hiyo cherehani yake haikulia mpaka jioni. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mto ukishajaa, hakuna gari litakalovuka kwa miezi mingi, na hakuna aliyejua kama moyo wa bibi ungesubiri hiyo miezi.

Ikafika siku ya kujaribu gari. Mrefu alimsukuma Chiriku juu ya ubao wa chuma, baba akafunga kulabu na kuvuta mikanda. Ndipo kosa likaonekana. Mafundi walikuwa wamepima kiti wakati Chiriku yuko kitandani. Walikipima urefu na upana, lakini hawakumpima akiwa amekikalia. Sasa kichwa chake kiligusa dari.

"Lo!" baba mdogo alisema. "Tumekitengenezea kiti gari, mwenye kiti tumemsahau."

Baba alijikuna kidevu. "Inabidi tulikate paa na kuliinua. Si kazi ya siku mbili. Na mvua hii..."

Moyo wa Chiriku ulishtuka. Alimwona bibi akiwa mbali zaidi ya mlima. Hapo baba mdogo akautazama mto mnene wa sponji ambao Chiriku alikuwa ameukalia.

"Na tukiutoa huu mto je? Si atashuka kidogo?"

Wakautoa. Kichwa chake kikapita chini ya dari vizuri.

"Unaonaje, mwanangu?" baba aliuliza. "Salama?"

Chiriku alijua kwamba mto ule haukuwa pambo. Muuguzi wa kliniki alikuwa amewafundisha, yeye na mama yake, kwamba mwili usiosikia maumivu hauna mlinzi. Alitakiwa kukalia mto ule daima, na kila mara ajiinue kwa mikono ili damu ipite. Juu ya kiti kitupu, kwenye barabara ya mawe, ngozi yake ingepasuka naye asijue.

"Salama!" alijibu.

Walipokuwa nje, Mrefu aliinama. "Wewe! Muuguzi si alikukataza?"

"Nitakalia blanketi. Nyamaza."

"Nitamwambia mama yako."

"Ukisema, urafiki wetu umekwisha leo hii."

Mrefu alifumba mdomo. Alikuwa hana rafiki mwingine.

Asubuhi ya safari, mama alichungulia ndani ya gari. "Mto uko wapi?"

"Tumeutoa, shemeji," alijibu baba mdogo, ambaye angebaki kulinda karakana. "Dari ilikuwa inamgonga. Mwenyewe amesema salama."

Mama alimtazama binti yake kwa muda. "Kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama. Blanketi ni laini kabisa."

Mama alifungua mdomo, kisha akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa milima. Akapanda gari. Akafumba macho akaomba safari njema, na wote wakaitikia, "Amina."

Gari lilipanda vizuri. Ilikuwa furaha kuona magurudumu yakiuma mawe na kupita pale ambapo magari mengine yaliegeshwa. Lakini kule nyuma, springi ngumu zilimrusha Chiriku juu na kumpiga chini, tena na tena. Blanketi liliteleza upande mmoja. Mikanda ilimbana kifuani, hivi kwamba hakuweza kujiinua kwa mikono. Angehitaji kusema neno moja tu ili gari lisimame.

"Salama huko nyuma?" baba aliita kutoka kwenye usukani.

"Salama!"

Kwenye makorongo akauliza tena, akajibiwa vilevile. Walipofika mtoni, maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu kwa udongo wa mvua za juu. Baba alisimamisha gari, akageuka.

"Sasa tunavuka. Kama kuna tatizo lolote, tuseme sasa. Salama?"

Chiriku aliyatazama maji. Aliogopa kwamba akisema "bado", watageuza gari.

"Salama, baba!"

Wakavuka.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia gari, akasimama kwa shida, akanyoosha mikono kabla hajaona vizuri. Chiriku alishuka kwa ubao wa chuma moja kwa moja mpaka miguuni pake. Bibi alimpapasa uso, nywele na mabega, kama mtu anayehakikisha kwamba kweli amepewa alichoahidiwa.

"Kumbe una mabega ya mama yako," alisema. "Kesho nitakuonyesha kila kitu. Leo niache nikushike tu."

Jioni ile mama alimpeleka Chiriku chumbani kumwogesha. Alipolivuta blanketi, aliona damu. Ngozi ya makalio ilikuwa imechubuka vibaya, na upande mmoja nyama ilikuwa wazi. Mama hakupiga kelele. Alishika ukuta.

"Inauma?" aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Hapana, mama," Chiriku alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Mvua ilianza kunyesha alfajiri. Kama wangekaa, mto ungejaa na kidonda kingeoza bila daktari. Waliondoka kabla chai haijachemka. Chiriku alilazwa kifudifudi kwenye godoro, sakafuni mwa gari, na bibi alisimama mlangoni akipunga mkono kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hakuwa amemwonyesha chochote.

Chiriku alikaa wodini mpaka mvua zikaisha. Alilala kifudifudi, akasoma vitabu vilivyowekwa sakafuni mbele ya kichwa cha kitanda, akakosa mtihani wa mwisho wa mwaka. Muuguzi alisafisha kidonda kila siku. "Ndugu yangu, ngozi hairudi kwa kuombwa msamaha," alimwambia. "Inarudi polepole, ikitaka."

Mrefu alikuja kumwona. Alisimama mbali na kitanda.

"Afadhali ningemwambia mama yako," alisema. "Ungenichukia, lakini ungekuwa mzima."



Siku nyingine baba alikuja peke yake. Alikaa kwenye kiti, akigeuza kofia mikononi. "Nimekuuliza mara ngapi njiani?" alisema. "Nilikuuliza salama ya karakana. Ile ambayo mtu anajitazama kwanza kabla hajajibu, kwa sababu jeki inashuka. Wewe ukanijibu salama ya barabarani, ile ya kupita tu, ambayo hata mwenye msiba anaijibu. Nami nikashusha jeki, mwanangu. Nilikushushia gari zima."

Alilia. Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akilia.

Kisha, mvua zikiwa bado zinanyesha, ikaja simu kutoka milimani. Moyo wa bibi ulikuwa umesimama. Mto ulikuwa bado umejaa, kwa hiyo mama naye hakuweza kwenda kumzika mama yake. Siku ya mazishi alikaa kando ya kitanda cha wodini, akaomba kwa sauti ya chini huku mkono wake mmoja ukiwa mgongoni kwa binti yake. Hakumlaumu. Hilo lilimwumiza Chiriku kuliko lawama.

Kiangazi kiliporudi, mafundi walilikata paa la gari na kuliinua. Safari hii walimpima Chiriku akiwa amekaa juu ya mto wake, akiwa ameinua na mikono. Walibadilisha springi, wakaweka laini zaidi. Mikanda ikafungwa mahali ambapo iliacha mabega huru. Kila walipomaliza kipande, baba mdogo aliacha mzaha, akauliza, na Chiriku akajitazama. Mara nyingine alijibu, "Bado." Kazi ilisimama, ikarekebishwa. Haikuchukua muda mrefu. Ndilo lililokuwa chungu kuliko yote: kazi yenyewe haikuwa ndefu kama walivyoogopa.

Wakapanda tena mlimani. Njiani walisimama kila Chiriku alipotaka kupumzisha mwili wake. Mto ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu tu. Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa, majani yameota mlangoni, na nyuma yake palikuwa na kaburi lenye udongo uliokwisha kukauka.

Chiriku alisukuma magurudumu yake mwenyewe mpaka pale. Alitazama huku na huku. Kulikuwa na mti wa matunda asioujua, kisima, na jiwe kubwa lililochakaa kwa kukaliwa. Hakujua bibi alitaka kumwonyesha kipi kwanza.

"Kosa ni langu," alisema. "Ningesema 'bado', tungechelewa wiki moja, tungekaa naye."

"Labda," mama alijibu. "Labda mvua ingetuwahi. Hilo hatutalijua, na tutaishi bila kulijua." Alipiga magoti kando ya kiti, wakawa macho kwa macho. "Lakini usijitwike peke yako. Mimi nilijua ule mto wa kukalia ni wa nini. Niliuliza, na nikatamani unidanganye, kwa sababu nami nilimtaka mama yangu. Baba yako aliuliza huku anaendesha. Sote tuliuliza tukitaka jibu moja."

Upepo ulipita. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alivua kofia.

"Nisikilize, mwanangu," mama aliendelea. "Mtu akikupenda, usimfiche kuumia kwako ukidhani unampunguzia mzigo. Unamwongezea, tena unampa mzigo huo wakati ambao hawezi kuubeba. Mwenyezi Mungu peke yake ndiye anayesikia lisilosemwa. Sisi binadamu ni lazima tuambiwe. Sema ukweli wa mwili wako mapema, hata kama utamchelewesha mtu, hata kama utamkera. Nasi tukikuuliza, tutasimamisha gari kwanza."

Chiriku alifuta macho kwa viganja vyote viwili. Kisha akajitazama.

"Basi niinueni," alisema. "Nimekaa muda mrefu."

Wakamwinua, mmoja huku na mmoja huku, wakamlaza juu ya nyasi kando ya kaburi la bibi yake.