Sikio la Kushoto

Asubuhi ile hapa mutaani Kataki haikuwa na neno. Jua lilikuwa limetoka vizuri, Pascaline alikuwa anatwanga majani ya sombe uwanjani, na mama yake, Mama Pétronille, alikuwa juu ya mukeka anachambua samaki wadogo, ndakala, na kulaumu mugongo wake. Njo pale Samy, bwana ya Pascaline, aliingia na kartoni ndogo mikononi, anaibeba kama mwenye kubeba mayai.

"Hiyo ni nini tena?" Mama Pétronille aliuliza.

"Ampli ya kaske, Mama. Imetoka Kigoma, na mashua ya jana."

"Inakula?"

"Hapana, Mama."

"Basi iingie. Wenye kula tunatosha."

Samy alikuwa muntu wa kaskazini ya ziwa, kule Baraka. Zamani alifanya biashara ya ziwani. Ikamuchosha, akaanza kurekodi nyimbo za makorali ya kanisa ndani ya chumba kimoja cha nyumba yake, na kompyuta moja, yeye anaiita ordinateri. Si kazi ya kumuonea muntu wivu. Korali inaimba, halafu mukubwa wake anakuja kukaa karibu na Samy kusikiliza, nao wanagombania kaske moja, ile ya kuvaa masikioni, sikio moja moja, kila mumoja anasema mwenzake hajui muziki. Kile kisanduku kilikuwa cha kumaliza ugomvi huo. Ni cheusi, ukubwa wa Biblia. Kinaongeza nguvu ya sauti kwa ajili ya masikio tu. Mbele kina kifungo cha kuzungusha na matundu mawili, watu wawili wachomeke kaske zao. Nyuma kinapokea kabo mbili, waya za sauti, kutoka kwa ordinateri: nyeupe ya sikio la kushoto, nyekundu ya sikio la kuume.

Mutoto wao Joëlle alisimama mulangoni kuangalia. Joëlle ni jina la ubatizo. Nyumbani alikuwa Kabange, kwa sababu alizaliwa pacha, na kwao Mama Pétronille, kule Kiambi, mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange. Alikuwa na miaka saba, mutundu, mukono wake wa kuume hautulii. Mwenzake Kyungu hakuonekana nyumbani mule.

Samy alifanya kazi yake vizuri, sitamunyima hilo. Alizungusha kifungo mpaka chini. Akachomeka kabo, akachomeka kaske mbili, umeme akauacha wa mwisho. Taa nyekundu ikawaka. Akavaa kaske, akapandisha sauti pole pole.

Mungurumo. Muziki ulikuwapo, lakini chini yake mungurumo mumoja, hauna kupumua, kama nzi waliofungiwa ndani ya mukebe.

Akabadilisha prizi ya umeme. Mungurumo. Akasogeza telefone na chaji yake mbali. Mungurumo. Akaleta kabo nyingine, akapuliza matundu, akasema neno ambalo hasemi mbele ya mapadri. Mungurumo. Mwishoni aligusa kwa kidole mwili wa chuma wa kile kisanduku, na mungurumo ukapungua. Akaondoa kidole, ukarudi. Akacheka peke yake.

"Haina tere," alimuambia Pascaline. "Umeme wenye kupotea hauna mahali pa kushukia. Nitaupatia njia ya kuingia ardhini."

"Usinichomee nyumba," Pascaline alijibu, bila kuacha kutwanga.

Samy alichukua kipande cha chuma cha kujengea, urefu wa mukono, na waya. Akazunguka parseli, kiwanja chote cha nyumba, kutafuta mahali. Chuma cha namna hiyo kinataka udongo mubichi. Udongo mukavu haupokei kitu. Ilikuwa kiangazi, uwanja wote umepasuka. Lakini nyuma ya bafu, chini ya ukingo wa bati, kulikuwa na mahali padogo penye kulowa kila siku. Mama Pétronille alikuwa na desturi ya kumwaga pale maji ya kuoshea sahani. Miaka yote Samy alimuona akipita na beseni lake, akipita mufereji muzuri wa saruji, aende kumwaga pale pale. Yeye alifikiri ni ubishi wa uzee.

Akapigilia chuma pale. Kiliingia kirahisi. Kirahisi kupita kiasi, na mwishoni akasikia mikononi mwake kitu kama kitambaa kimepasuka.

Akarudi ndani, akafunga waya, akavaa kaske. Mungurumo ulikuwa umekufa. Kimya safi. Alifurahi hata akazima ordinateri ili asikilize kile kimya vizuri.

Kwenye sikio la kushoto, muntu alikuwa anatwanga.

Akaondoa kaske: Pascaline anatwanga sombe, uwanjani, upande ule. Akairudisha. Kinu kilikuwa kinalia tena, mapigo yale yale. Lakini kilikuwa kinalia juu. Juu ya kichwa chake. Kizito, kama kuna dunia nzima katikati yake na kinu. Halafu mapigo yakaacha, na miguu ya Pascaline ikapita. Juu vilevile. Ilipita juu ya uso wake, ikaenda.

Samy alijiambia waya imegeuka maikro, inaleta kishindo cha ardhi. Neno la kifundi, likamutuliza kidogo. Halafu akasikia kitu kingine, si juu, bali karibu, karibu sana, ndani ya sikio lile lile la kushoto.

Pumzi. Ndogo. Inatoka, inaingia.

Nje, beseni lilianguka.

Alimukuta Mama Pétronille nyuma ya bafu, maji yamemwagika juu ya miguu yake, macho kwenye chuma.

"Nani alikuonyesha hapa?" alinong'ona.

"Hakuna, Mama. Nilitafuta udongo mubichi."

"Udongo mubichi." Alirudia kama muntu anayetapika. "Unajua ni kwa nini ni mubichi?"

Samy alikuwa hajui. Wale mapacha walipozaliwa alikuwa ziwani na muzigo. Aliporudi alikuta mutoto mumoja, na wanawake wamekaa macho makavu. Walimuambia: Kyungu amekwenda kuchota maji. Kwao Kiambi, ndani ya ukoo ule, pacha hasemwi kwamba amekufa, wala haliliwi. Wanawake njo wanamulaza, mahali pa baridi karibu na nyumba, na kila siku wanapamwagia maji asikauke, asisikie kiu, asiinuke. Mwanaume haonyeshwi mahali. Samy aliuliza mara moja; alijibiwa hayo si mambo ya suruali. Yeye, Mukristo wa Baraka, akaona ni adabu kutouliza tena.

Sasa hakuna aliyehitaji kumueleza. Alishika chuma kwa mikono miwili, akavuta. Hakikutoka. Akakaza miguu, akavuta tena. Kilichoingia kama kisu ndani ya siagi kilikuwa kimeshikwa huko chini.

"Acha," mama mukwe alisema. "Usishindane naye. Nenda ukate ile waya yako. Na Kabange asisikie. Akiitwa, asijibu. Umenisikia? Asijibu."

Samy alikimbia ndani.

Kabange alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, kaske ya pili kichwani, miguu inaning'inia, anacheka.

"Papa, anauliza kama ni mie mwenye ushanga wa buluu."

Siku ya kuzaliwa, Mama Pétronille aliwafunga wote wawili ushanga mweupe kiunoni. Kwenye uzi wa Kabange alitia punje moja ya buluu, wasichanganyike. Uzi wa Kabange uliongezwa kila mwaka, kadiri alivyokua.

"Umejibu?" Samy alinong'ona.

"Ndiyo, Papa. Nimesema ni mie."

Angeikata waya. Angeichomoa kaske kichwani mwa mutoto na kuitupa nje. Njo maneno ya watu wote hapa Kataki, na mimi pia niliyasema, maana ni rahisi kusema. Lakini Samy alikuwa anaogopa, na mikono yake ilijua kazi moja tu. Fundi akitaka kujua kasoro iko wapi, anabadilishana kabo: ya kushoto anaipeleka kuume, ya kuume anaipeleka kushoto. Kasoro ikihama sikio, imetoka nje ya ampli. Isipohama, ni ya ampli yenyewe, ni bati na waya, hakuna muntu pale. Alitaka iwe bati na waya. Alivaa kaske yake, akasikia pumzi ile kushoto, akapeleka mukono nyuma ya kisanduku. Akachomoa nyeupe. Akachomoa nyekundu. Akabadilisha.

Mulio mumoja mukali. Taa ikafifia, ikarudi.

Sikio la kushoto likawa kimya.

Kwenye sikio la kuume, mutoto alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Halafu sauti ikatoka chini, kutoka chini kabisa, sauti ambayo Samy aliijua tangu ilipojifunza kusema.

"Papa? Papa, mbona giza?"

Aliinua macho. Mutoto alikuwa bado kwenye kiti, mbele yake, anamuangalia. Anatabasamu. Pole pole akainua mukono, akavua kaske.

Mukono wa kushoto.

Samy alirudisha kabo mahali pake. Akazibadilisha tena. Akarudisha. "Vaa kaske," alisema, "vaa, mwanangu, kidogo tu." Mutoto akatikisa kichwa. Alikuwa anaangalia dirisha, jua, mikono yake mwenyewe, kama muntu aliyefika mahali alipopasikia kwa muda mrefu. Akateremka kwenye kiti, akaenda kwenye mutungi, akanywa. Akanywa. Akanywa mpaka maji yakamutoka puani, na bado anakunywa.

Saa ya kumuogesha, Pascaline alimuvua nguo. Kiunoni kulikuwa na ushanga mweupe mutupu, hauna buluu. Uzi wa mutoto muchanga. Ulikuwa umekaza mpaka nyama imevimba pande zote mbili, na katikati ya punje kulikuwa na udongo.

Pascaline hakupiga kelele. Alimuita, "Kabange." Mutoto alichezea sabuni. Akamuita tena, chini chini, lile jina ambalo hakuna aliyelitaja ndani ya nyumba ile miaka saba.

Mutoto akageuka.

Samy alipiga magoti kwenye saruji yenye maji. "Unisaidie kumuvalisha kaske. Pascaline. Mutoto wetu yuko chini. Anamuita mama yake. Njoo usikie."

Pascaline alikuwa amemukumbatia yule mutoto, povu lote kwenye nguo yake. Alimuangalia bwana yake kama anamuona kwa mara ya kwanza.

"Na huyu nani?" aliuliza. "Huyu sikumuzaa?"

Samy aliinuka, akarudi mbio kwenye kaske.

Pascaline hakuenda kusikia. Samy alimuomba siku nyingi, hakwenda. Mama Pétronille yeye alikwenda, mara moja. Alishika kaske sikioni kama anashika kaa la moto, akasikiliza, akaiweka mezani.

"Aliyetoka hakubali kurudi, mpaka aketi mwenyewe na kuvaa," alisema. "Na hatavaa. Ungekuwa wewe, ungevaa?"

Samy alijaribu biskuti. Alijaribu fanta. Alijaribu kumuvalisha kaske akiwa usingizini mchana, na mutoto alifungua macho bila kushituka, akamuambia kwa upole, "Vaa weye, Papa."

Basi alibaki kuvaa yeye. Wakubwa wa korali walikuja kugonga, wakaondoka. Alikaa pale na sikio la kuume, akiongea pole pole, akiimba nyimbo za watoto. Mwanzo Kabange alijibu. Alilalamika miguu ya watu inamupita usoni. Alilalamika kiu. Samy alipeleka ndoo baada ya ndoo nyuma ya bafu, na majirani wakasema muntu wa Baraka kichwa kimemutoka. Mama Pétronille alishikwa na mugongo kweli, hakuinuka tena mukekani. Kazi ya sahani ikawa ya mutoto. Alizipangusa vizuri kuliko Kabange alivyowahi kuzipangusa. Halafu alichukua beseni kwa mukono wa kushoto, akapita nyuma ya bafu, akapaangalia, akavuka mufereji, akaenda kumwaga maji barabarani.

Kila siku barabarani.

Pale nyuma palianza kupasuka, ndoo za Samy zikimezwa kabla hajageuka. Sauti ikawa pumzi. Pumzi ikawa kitu cha kusubiri.

Siku moja mchana, umeme ulikuwa umekatika mutaa muzima, Samy alipita pale akashika chuma bila kufikiri. Kikatoka kwa vidole viwili. Kwenye ncha yake palikuwa pamezungushwa ushanga mweupe wenye punje moja ya buluu. Uzi murefu, wa mutoto wa miaka saba. Fundo halikufunguliwa, uzi haukukatika.

Aliingia ndani na ushanga mukononi. Waya ilikuwa inaning'inia, haijafungwa popote. Umeme hakuna. Taa ya ampli ilikuwa nyekundu.

Akavaa kaske.

Kushoto, kimya. Kuume, kimya. Halafu juu, miguu. Miepesi, ya mutoto. Ikaja, ikasimama juu yake kabisa. Ikaanza kukanyaga. Pa. Pa. Pa. Pole pole, bila haraka, kama mwenye kushindilia udongo.

Alipofika nyuma ya bafu hapakuwa na muntu. Kule uwanjani mutoto alikuwa amelala mapajani mwa Pascaline, anasukwa nywele, na Pascaline aliapa mutoto hajainuka. Lakini pale chuma kilipotoka hapakuwa tena na tundu. Palikuwa pamezibwa, pamekanyagwa, pagumu kama saruji, na juu yake nyayo ndogo, mbichi, zenye kulowa, katikati ya kiangazi. Ziko mpaka leo. Misimu miwili ya mvua imepita juu yake.