Mtu Namba Kumi na Tisa

Upepo wa Karatu hauna adabu. Siku ya mnada, mwaka 1984, ulimpokonya Marsela karatasi ukazitawanya kati ya mbuzi na mafungu ya maharage. Patrisi, fundi matrekta wa Mbulumbulu, aliziokota. Moja aliisoma, akacheka.

"Dada, mnauliza watu wanalala na wake zao mara ngapi? Kazi gani hiyo?"

"Sayansi, kaka. Daktari anatazama mwili, mwenzake anasikiliza hofu, mwingine anachunguza mila. Shida za chumbani hazina mlango mmoja." Alivaa gauni la buluu na sweta nzito, na macho yake hayakukwepa. "Majina hatuandiki. Namba tu."

Wakapendana. Siku moja, wakipukuchua mahindi, Patrisi alimwambia lililomkaa kooni miaka sita: mkewe Lusia aliondoka kwa sababu mwili wa Patrisi ulimgomea kitandani. Sasa alitaka kumwoa Marsela, na aliogopa.

"Mpenzi, mwone daktari wetu. Nitakungoja."

Hakwenda. Marsela akasafiri Arusha kikazi. Jumapili, kilabuni, Naftali, jirani wa Patrisi, akapaza sauti: "Kuna dume moja humu kwetu, kitandani ni gogo! Kamweleza yote yule dada wa maswali!"

Watu wakaangua kicheko. Patrisi aliweka kibuyu chini, na kesho yake akaenda posta kumpigia Marsela simu Arusha.

"Haloo? Patrisi wangu?"

"Usiniite wako. Umenitangaza kilabuni."

"Sijakutaja popote, baba."

"Basi Naftali anamsema nani? Dume gani jingine?"

"Hilo siwezi kukujibu."

"Basi tumeachana."

Wiki mbili baadaye Naftali alimfuata karakana, kofia mkononi.

"Nasikia umemwacha yule dada. Bwana, gogo ni mimi. Nilijicheka kwa mgongo wa mtu nisiyemtaja, kabla wengine hawajanicheka. Mimi ndiye namba kumi na tisa. Aliyeniandika ni yeye."

Patrisi akakaa chini, juu ya mafuta machafu. Kumbe Marsela alikuwa na jibu la kumwokoa, akalimeza.

Marsela aliporudi kutoka Arusha, Patrisi alimkuta zahanati ya Karatu akipakia maboksi kwenye Landrova. Amekonda.

"Ungesema neno moja tu."

"Neno lenyewe halikuwa langu."

"Nilikuwa mjinga."

"Sana," Marsela alisema, machozi yakimtoka. "Nimelia Arusha nzima."

"Nisamehe. Nataka kukuoa. Lakini kwanza niandikeni."

"Mimi siwezi. Mchumba hamwandiki mchumba wake." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Daktari yupo."

Patrisi alivua kofia, akafuta viatu, akaingia. Marsela aliteremsha boksi moja kutoka kwenye gari, akaliketia nje ya mlango, akangoja.