Mtu wa Ladi

Kihuishi kiliumeza utepe kwa mwendo wa kinyonga, na kila sehemu iliyopita kinywani mwake haikutoka tena ikiwa utepe. Ilitoka ikiwa unga. Ndani ya sanduku lile la kioo, lenye ukubwa wa kabati la vyombo, miale myembamba ya buluu iliusoma utepe chembe kwa chembe. Chembe iliyokwisha kusomwa ilibanduka, ikavutwa na upepo mdogo hadi kwenye chupa iliyowekwa chini. Unga wenyewe ulikuwa wa kahawia, kama ugoro.

Mzee Mihayo Kasubi aliutazama kwa uso usiobadilika. Alikuwa na umri wa miaka themanini na minne, na alikuwa amevaa koti na tai, kwa kuwa hakuwahi kuingia katika ofisi ya mtu bila koti na tai. Nyuma yake, kwenye dirisha la ghorofa ya ishirini na sita, magari ya angani yalipishana juu ya mji wa Tabora bila kutoa mlio.

"Huu unaopita sasa ni utepe mtupu wa mwanzo," alisema Sikudhani Mrisho, fundi aliyekisimamia kihuishi. "Bado una nafasi ya kubadili nia, Mzee. Nakuuliza tena. Daraja la tatu?"

Alikuwa amemweleza yote tangu asubuhi, kwa subira. Kanda za video za karne iliyopita zilikuwa plastiki iliyopakwa vumbi la chuma, na baada ya miaka sabini na mitano gundi yake huoza, vumbi likabaki limeshikilia kwa mazoea tu. Kihuishi huisoma kanda ya namna hiyo mara moja, kisha akili mnemba iliyomo ndani yake huijenga upya. Daraja la kwanza huhifadhi kila kitu kama kilivyo, pamoja na mikwaruzo. La pili huondoa mikwaruzo. La tatu huitwa Sanifisha. Katika daraja hilo nguvu yote ya miale huelekezwa kwenye picha, na sauti husikilizwa kwa kiasi cha kuyaelewa maneno tu. Mtambo huyasahihisha maneno hayo, ukayatamka upya.

"Binti yangu," alisema Mzee Mihayo, "nimekagua Kiswahili katika shule za mkoa huu kwa miaka thelathini na minne. Sijaanza leo kuogopa masahihisho."

Sikudhani alikuwa Mzaramo, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtania Mnyamwezi. Alisema kwamba Wanyamwezi walitembea kwa miguu hadi pwani na kurudi, wala hakuna aliyewahi kuwazuia njiani, basi yeye ni nani. Akabonyeza Sanifisha, na fomu ya sahihi ikatokea. Mzee Mihayo akacheka kidogo, akaweka sahihi yake kwa mwandiko mzuri, wenye herufi zilizosimama wima.

Kanda ile ilikuwa ya baba yake. Mzee Kasubi alikuwa na banda la video katika mtaa wa Isevya: televisheni moja, jenereta, mabenchi na kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, naye alikuwa ameishia darasa la nne, lakini hilo halikumzuia kuzitafsiri. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni akaeleza, kwa kutumia macho zaidi kuliko masikio, na pale asipoelewa alitunga. Jengo refu aliliita tangi la maji la reli. Jambazi alimpa jina la mtu yeyote aliyechelewa kuingia. Kwa filamu moja tu, ile iliyopendwa na watoto, alichukua deki mbili akaiingiza sauti yake ndani ya kanda, ili wanawe waweze kuiangalia nyumbani hata akiwa safarini.

Ilikuwa filamu ya familia, isiyo na damu, iliyotengenezwa makusudi ionekane ya kale hata siku ilipotoka. Ilimhusu fundi wa redio aliyejishonea mabawa ya shaba, akavaa kofia yenye taa mbili, akawa anaruka juu ya mji na kuwakamata wezi kwa nguvu ya radi. Mzee Kasubi alimwita Mtu wa Radi. Lakini ulimi wake ulikuwa wa nyumbani kwao, nao haukuwa na shughuli na r, kwa hiyo mtaa mzima ulimjua shujaa yule kwa jina la Mtu wa Ladi.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mihayo alipokuwa na miaka tisa alilitaja jina hilo darasani, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye alitoka pwani, hakucheka. Alimsimamisha mbele na kumwambia aseme radi. Alipokosea, mwalimu alisema neno moja tu: tena. Waliendelea hivyo mpaka mwanga wa jioni ukaingia mlangoni, na Mihayo akaweza. Toka siku hiyo hakukosea kamwe. Alipokuwa mwalimu, kisha mkaguzi, neno lile fupi likawa lake, na watoto wengi wa mkoa ule walijifunza Kiswahili kwa kulisikia.

Baba yake alifariki mwaka wa tatu baada ya kuitengeneza kanda hiyo, kabla simu za mkononi hazijafika Isevya. Picha yake ilibaki moja. Sauti yake ilibaki hapo kwenye utepe, mahali pengine hapana.

Siku ya Jumapili alasiri ukoo ulikusanyika. Walikuwapo wana wa Mzee Mihayo na wake zao, wajukuu, na wakwe wapya kutoka Dodoma, watu waliosoma na wanaozungumza kwa vituo. Mzee alikuwa amewafikiria sana hao wakwe alipochagua daraja. Hakutaka waketi sebuleni kwake na kutazamana kila marehemu anaposema ladi. Aliliona hilo kuwa jambo la heshima, kama vile kumvisha baba kanzu safi kabla ya wageni kuingia. Tena alifikiri kwamba masahihisho ni masahihisho: wino mwekundu hurekebisha neno, na mwandiko wa mwanafunzi hubaki palepale.

Wa mwisho kufika alikuwa dada yake, Kalunde, aliyekuja kutoka Urambo kwa reli ya sumaku. Alikuwa na miaka themanini na minane, naye hakuwa ameona kitu kwa miaka kumi. Hospitali ilikuwa imempa nafasi ya macho ya kupandikiza, akaikataa kwa maelezo kwamba ameona vya kutosha. Mdogo wake alipomwambia kuhusu kanda, hakuuliza habari za picha. Aliuliza kama baba anasikika. Mzee Mihayo akamwahidi kwamba atasikika.

Walimweka mbele kabisa. Ukuta-onyesho ulizimika, kisha ukafunguka kama dirisha, na sebule yote ikapata rangi ya shaba. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mabawa ya yule fundi wa redio yaling'aa kiasi kwamba mtoto mmoja alinyoosha mkono ayashike. Mkwe wa kiume alisema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona kazi safi namna hiyo, na Mzee Mihayo akanyoosha tai yake.

Kisha ikaja sauti. Ilikuwa ya kiume, nzito kiasi, yenye pumzi zilizopangwa. "Huyu ndiye Mtu wa Radi," ilisema. "Anaishi katika jiji kubwa, nalo limejaa uhalifu."

Kila irabu ilikuwa mahali pake. Haikuwa sauti ya mtu yeyote.

Mzee Mihayo alisubiri. Alijiambia kwamba huo ni utangulizi, kwamba mtambo umeweka utangulizi wake, na baba ataingia baadaye. Picha ziliendelea. Lilipotokea lile jengo refu alijikuta ameinama mbele, akilingoja tangi la maji la reli. Sauti ilisema: "Tazama mnara huu mrefu."

"Mihayo," Kalunde aliita bila kugeuka. "Baba anaanza lini?"

Mzee Mihayo aliwatupia wakwe jicho. Wakwe walikuwa wakisikiliza kwa adabu. Kalunde akainamisha sikio upande wa ukuta kama mtu anayengoja kubishiwa hodi. Hivyo ndivyo alivyokaa kwa saa nzima na ushei, mpaka mahali pale ambapo shujaa anaanguka mtoni na mabawa yake yanazimika, na watoto wa filamu wanasimama ukingoni wakilia. Mahali hapo Mzee Mihayo alipakumbuka bila kutaka. Mwaka ule wa kanda, mama yao alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Baba, mwenye maneno mengi, mahali hapo alinyamaza. Utepe ulikuwa unakwenda na kipaza sauti kimewashwa, na Kalunde na Mihayo walikuwa pale sakafuni wakilia pamoja na wale watoto wa mtoni. Ndipo baba akasema maneno mawili, si kwa ajili ya filamu.

"Msilie," ilisema sauti ya ukutani. "Atarudi."

Kalunde aligeuza uso. "Huyo nani?" aliuliza. "Huyo anayesema maneno ya baba ni nani?"

Mzee Mihayo aliusimamisha ukuta. Alimpigia Sikudhani simu mbele ya watu wote, kwa sababu hakuwa mtu wa kujificha, na uso wa fundi ukatokea mahali pa shujaa. Aliuliza kwa utaratibu kama sauti ya asili inaweza kurejeshwa. Sikudhani alisema haiwezi. Ilisikilizwa kwa kiasi cha kuelewa tu, kama alivyoeleza siku ile, na utepe umebaki unga chupani. Akasema kwamba wangeweza kuchukua vipimo vya koo la Mzee mwenyewe, na picha ya marehemu, na kuunda sauti ya kukisia. Watu wengi waliridhika nayo.

"Mjukuu wangu," alisema Kalunde, "mimi nimesafiri kuja kumsikiliza baba. Mtu wa kujifanya baba ninaye huko Urambo, anauza dawa."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Sikudhani aliinamisha macho, akawapa pole, akasema kwamba kitu kimoja kimebaki. Daraja la tatu huacha orodha ya masahihisho, kwa ajili ya ukaguzi. Akaituma.

Ilishuka kwenye karatasi-kioo mkononi mwa Mzee Mihayo, mistari mia nne na kumi na miwili. Kushoto ilikuwa kosa, kulia sahihisho. Alikuwa amesoma orodha kama hiyo maisha yake yote, na nyingine alikuwa ameziandika yeye. Dakika ya pili: Mtu wa Ladi, Mtu wa Radi. Dakika ya tatu: tangi la maji la leli, mnara. Dakika ya tisa: "Wee Nhonoli, kaa chini, kichwa chako kinaziba tembo," imeondolewa, ni maneno kwa mtazamaji, na tembo hayumo katika filamu. Dakika ya kumi na nne: sauti ya mtoto, "Si ladi, baba, ni radi," na jibu, "Haya mwalimu, ladi", yameondolewa, hayahusiani na hadithi.

Mstari huo aliusoma mara mbili. Alikuwa amesahau kwamba na yeye alikuwamo.

"Nisomee," alisema Kalunde.

"Ni makosa tu, dada."

"Nisomee makosa."

Wakwe waliaga mapema, kwa upole, na vijana wakawachukua watoto uani. Mzee Mihayo alivuta kigoda kando ya dada yake, akavaa miwani, akasoma upande wa kushoto. Alisoma vizuri, kwa vituo. Alipofika dakika ya sabini na moja alisafisha koo.

"Msilie," alisoma. "Ataludi."

Kalunde alitikisa kichwa. Alisema kwamba hapo Mihayo anamcheka baba. Anaitamka ile l kama mtu anayeishika kwa vidole viwili ili darasa lione.

Alijaribu tena, na alijisikia mwenyewe: ile ilikuwa sauti ya mkaguzi anayetoa mfano wa kosa. Akajaribu kwa haraka, ikatoka r. Miaka sabini na mitano ilikuwa imefanya kazi yake vizuri, bila kuacha mkwaruzo. Alitoa miwani akaishika mapajani. Ukutani, uso wa Sikudhani ulikuwa umeondoka, na shujaa alikuwa amerudi, amesimama nusu mtoni, anang'aa.

"Siwezi," alisema.

"Unaweza. Ulizaliwa nayo." Kalunde alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika. "Baba hakuwa anakosea, Mihayo. Alikuwa anasema. Nawe sema kama mtu ambaye hajui kwamba kuna kosa."

Akafumba macho. Alimtafuta mtoto mdogo kuliko yule wa sakafuni, aliyekuwa bado hajasimamishwa mbele ya darasa lolote. Akafungua kinywa, akasema, "Msilie. Ataludi."

Kalunde alisikiliza, ameinamisha sikio.

"Tena," alisema.