Kitambaa cha Manjano Ukingoni mwa Paa

Kijana aliingia dukani kinyumenyume. Duka la ushonaji la shangazi lilikuwa limefurika wateja, na yeye alikuwa ameziba makalio kwa kofia yake ngumu, maana suruali ilikuwa imechanikia kwenye kamba. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti wa cherehani ya dirishani, aliyeshona hapo kwa shangazi yake, mwenye gauni la bluu, hakucheka. Alimkatia kipande cha kitambaa cha manjano.

"Jifunge hiki, kaka, usije ukapigwa na baridi."

"Nikijifunga sirudishi, dada."

Na kweli hakurudisha.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi maghorofa akining'inia kwenye kamba. Wenzake walimwita Mjusi. Jengo alilokuwa akilipaka lilitazamana na lile dirisha, na mapenzi yalipokolea, binti akaanza kuogopa. Upepo ukivuma tu, sindano inamchoma kidole. Kumpigia ilikuwa bure, kwani simu ziliachwa kwa msimamizi zisije zikamdondokea mtu kichwani. Ndipo wakapatana: Mjusi akipanda, atakifunga kile kitambaa kwenye ukingo wa paa. Akishuka, atakifungua na kumletea. Kikiwepo, bado yuko juu. Kikiondoka, yuko salama.

Shangazi aliwatania, akauliza tangu lini mapenzi yakapandishiwa bendera.

Jioni moja Mjusi akasahau. Binti aliona kamba zote tupu, kitambaa kingali kinapepea. Alivuka barabara peku huku akilia, akamkuta anakunywa chai na wenzake. Mjusi akacheka. Binti akageuka, akaondoka bila neno.

Asubuhi simu ikaita.

"Mpenzi, utaninunia mpaka lini?"

"Mpaka nisahau nilivyokuzika jana."

"Nilicheka kwa aibu, mama. Haki ya Mungu, hata mbingu zishuke, sitakiacha tena."

"Usiape."

"Nimeshaapa. Na jioni nakuja, nina neno na shangazi."

Binti alilijua neno lenyewe. Alilivaa tena lile gauni la bluu, akashona siku nzima mishono ikienda upande.

Alasiri wingu zito likatanda. Msimamizi akapiga filimbi: kila mtu aache vyote, ashuke kwa ngazi. Mjusi akashuka na wenzake, mzima, wakajibanza kibarazani. Kisha akatazama juu, kitambaa kilikuwa bado kinapepea.

Rafiki yake wa kamba ya pili akamshika mkono. Akamwambia avuke barabara tu, shemeji akimwona kwa macho yake yatakuwa yamekwisha.

"Nimwendee mikono mitupu? Leo?" Mjusi akajichomoa. "Nimeapa, ndugu yangu."

Rafiki akamkimbilia, akimsihi ngazi hadi ngazi.

Dirishani, binti alikuwa amesimama mikono kichwani. Mvua ilikuwa imelifuta jengo lote, likabaki doa moja tu la manjano. Alilikazia macho. Shangazi alimwambia akae, hakukaa. Alikuwa anaomba kimoyomoyo Mungu amsamehe kila kitu, kununa na yote, mradi doa lile liondoke.

Doa likaondoka.

Binti akaachia pumzi. "Ameshuka," akamwambia shangazi. "Anakuja." Akacheka peke yake kama mwehu, akajitengeneza nywele, akapanga vikombe vitatu.

Mlango ulipogongwa alikwenda mbio. Alikuwa rafiki wa Mjusi, ameloa chapachapa. Binti akamkaribisha, lakini macho yake yalimpita bega, yakitafuta barabarani nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Rafiki hakuingia. Alimnyooshea kitambaa.

"Hakukiachia, shemeji. Hata pale chini alikuwa amekikamata." Akakiweka kiganjani mwa binti. "Kabla hajanyamaza aliniambia nikuletee. Alisema nikwambie ameshuka."