Nilisema Muziki ni wa Mume Wangu

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka hamsini na minne, mjane, na ni fundi wa kushona hapa Malaba. Nguo sishoni. Nashona mapazia na vifuniko vya viti vya malori, kwa hiyo wateja wangu ni madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda. Niliishia darasa la saba. Mengine yote ninayoyajua nimejifunza mwenyewe, na sehemu kubwa nilijifunza kutoka kwenye makasha ya muziki.

Najua mnashangaa. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu mkasa wangu wote umo ndani ya makasha hayo.

Siku moja, nikiwa bado kijana, nilipanda kwenye lori la dereva mmoja Mkamba aliyeitwa Mutua ili nipime dirisha lake. Alikuwa amefungulia muziki wa kantri, ule wa zamani. Huku kwetu nani hakuukulia muziki huo? Redio ilitulea nao. Lakini siku hiyo niliusikia kama kitu kipya. Kila chombo kilisikika peke yake. Gitaa lilikuwa hapa, fidla pale, na mwimbaji alikuwa akivuta pumzi katikati, kana kwamba ameketi kwenye kiti cha pili.

Mutua alinionyesha kasha lenyewe, zito kama tofali. Ndani mlikuwa na sidii nyingi, nyimbo za zamani zilizosafishwa sauti na kutolewa upya, pamoja na kitabu kinene chenye picha na maelezo: nani alipiga gitaa, nani alipiga fidla, kwa nini wimbo ulirudiwa kabla ya kukubaliwa. Nilisahau dirisha.

"Sasa mama, umekuja kupima ama umekuja shule?" Mutua aliniuliza.

Nilimjibu kwamba nimekuja yote mawili. Alicheka, akaniachia kile kitabu hadi safari yake ya kurudi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mutua alikuwa na mpwa wake Mombasa aliyeagiza makasha hayo kutoka ng'ambo, nami nikawa naagiza kupitia kwake, moja moja, kila nilipojaliwa. Nilinunua kamusi. Nilisoma vile vitabu neno kwa neno mpaka nikaweza kusikiliza wimbo na kusema ni nani anayepiga, bila kuangalia. Kila kasha nililishonea mfuko wake kwa vipande vya mapazia vilivyobaki, kwa sababu vumbi la malori haliachi kitu. Sikuligusa kasha kabla ya kunawa mikono.

Wengine hununua mashamba. Mimi nilinunua makasha. Yalikuwa maisha yangu...

Tatizo lilikuwa midomo ya watu. Madereva waliposikia habari za makasha yangu walianza kuja Jumapili kusikiliza. Mwanamke aliyeolewa, nyumba imejaa wanaume, muziki unalia! Jirani mmoja aliniuliza kama nimefungua baa.

Mume wangu, Makokha, alikuwa dalali wa mahindi. Muziki haukumhusu kabisa, alipenda mpira. Lakini alikuwa mpole, na ndiye aliyepata wazo. "Wewe sema tu ni yangu," aliniambia. "Mimi nikae hapo na hao wageni, wewe ulete chai. Nani ataongea?"

Nilikubali. Niliona ni jambo dogo. Tangu hapo hata Mutua alileta mizigo kwa jina la Makokha, na kila Jumamosi nilikaa na mume wangu nikimfundisha maelezo ya kesho yake. Siku ya Jumapili yeye alikaa kwenye kiti kikubwa akiyasema, nami nilipita na birika.

Alikosea mara nyingi. "Sikieni hiyo gitaa inavyolia," aliwaambia wageni, na kumbe ni fidla. Niliuma mdomo nikamimina chai. Wageni walitikisa kichwa: "Mzee, wewe uko na sikio." Naye aliitikia. Mwanzoni aliponiangalia alikuwa akikonyeza jicho. Baadaye akaacha kukonyeza.

Ni lini hasa aliacha? Sijui. Ningelijua, labda ningesimama siku hiyo hiyo nikayataja mambo kwa majina yake. Lakini mtu akivikwa sifa kila Jumapili, mwishowe zinamkaa mwilini. Mume wangu hakuniibia. Mimi nilimvika.

Kisha figo zake zikaanza kumsumbua. Alipodhoofika aliomba turudi nyumbani kwao Busibwabo, na akaomba makasha yaje pia. "Wageni watanitafuta," alisema. Niliyapakia kwenye pikapu mimi mwenyewe, nikayafunika kwa turubai.

Nilijua mila. Kwetu, mtu akishazikwa, hufika siku ya kunyoa nywele. Familia hunyolewa, wazee hukaa, na kila kitu cha marehemu hutajwa mbele ya watu. Kinachosemwa siku hiyo ndicho kinachobaki. Kwa hiyo nilimwomba Makokha, angali na sauti, amwambie kaka yake Wandera kwamba muziki ni wangu.

Aliahidi. "Akikuja nitamwambia," alisema, akanishika mkono.

Wandera alikuja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Makokha alimwangalia kaka yake, akasema polepole, "Wandera, huu muziki wangu usitoke kwa hii boma."

Muziki wangu...

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Ningefanya nini, nigombane na mtu anayekufa? Niliweka bakuli chini nikaanza kumlisha. Alikula kidogo bila kuniangalia. Kabla ya wiki kwisha akafariki.

Siku ya kunyoa ilipofika, wazee walitaja ng'ombe, shamba, baiskeli. Walipofika kwenye makasha nilisimama. Nilisema kwamba hayo ni yangu, kwa jasho la cherehani yangu, na marehemu aliyashika kwa ajili yangu tu.

Shangazi wa marehemu akadakia, "Wewe nawe. Kesho utatuambia hata kofia yake ni yako." Wakacheka, si kwa ubaya.

Wazee walikuwa waungwana, waliuliza kama nina shahidi. Baadhi ya madereva waliokuwa wakija Jumapili walikuwepo, wametoka Malaba kuja kunipa pole. Walisimama mmoja mmoja. Walisema ukweli kama walivyoujua: kwamba marehemu aliwaeleza kila wimbo, na kwamba mama alikuwa akiwaletea chai nzuri. Hawakusema uongo hata mmoja. Uongo ulikuwa wangu, wao waliurudisha tu. Mutua ndiye peke yake aliyejua, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nilikimbia ndani nikaleta ile mifuko. Tazameni mshono, niliwaambia, huu ni mkono wangu, hivi ni vitambaa vya kazi yangu.

Wandera aliugeuza mfuko mmoja, akausifu. "Ni kweli ni mkono wako, shemeji," alisema. "Mke si humshonea mume wake?"

Uamuzi ukatoka: muziki ubaki bomani kama marehemu alivyosema, Wandera ashike ufunguo, na mjane ausikilize maadamu anakaa bomani. Walidhani wamenihurumia.

Basi nikakaa. Wateja wa Malaba walinisubiri, halafu wakapata fundi mwingine. Ningeweza kuondoka asubuhi yoyote, lango halikuwa na kufuli. Lakini kila nilipofikiria kuondoka niliyaona yale makasha kwenye chumba chenye mchwa, mikononi mwa mtu asiyenawa... Nikabaki. Nililima, nikachota maji, nikangoja Jumapili kama mfungwa anavyongoja kutembelewa.

Kwa sababu Wandera naye alianza kualika wageni. Alikalia kiti cha kaka yake, akafungua chumba, akaniagiza, "Shemeji, weka ile ya gari ya moshi." Aliwaambia wageni kwamba ukoo wao una kantri kwenye damu. Kiingereza cha vile vitabu kilimshinda, kwa hiyo aliniketisha nyuma yake nimnong'oneze, naye akasema kwa sauti.

Siku nyingi nilijiambia kwamba afadhali hivyo kuliko kutousikia kabisa. Mtu aliyebanwa huwa na sababu nzuri kila siku.

Jumapili moja alikuja mwalimu kutoka Sigalame, mwanamke wa makamo, mgeni kwetu. Alisikiliza vizuri, kisha akamuuliza Wandera, "Mzee, kwa nini hapa mwisho fidla inaingia kama imechelewa?"

Wandera aliegemea nyuma, akaniletea sikio lake. Nililiona sikio hilo kwa karibu. Nilikuwa nimemzika mume mmoja, na hapa nilikuwa namvika sifa mwanamume wa pili. Na huyu akifa? Nitamnong'onezea nani tena?

Nilinyamaza. Wandera alikohoa. "Shemeji," alinong'ona. Nikazidi kunyamaza mpaka wageni wakaanza kutazamana.

Ndipo nikasimama nikamjibu mwalimu mwenyewe, kwa sauti yangu. Nilimweleza kwamba mpiga fidla alikuwa amefika studio amechelewa kweli, wakarekodi bila kumngoja, akaingia mlangoni akiwa anapiga, nao wakapenda wakauacha wimbo hivyo. Nikamwambia hayo yamo kwenye kitabu, na kitabu ni changu. Kila kitu humu ndani ni changu. Marehemu hakujua kutofautisha fidla na gitaa.

"Nilijiuliza," mwalimu alisema. "Mzee husubiri wewe upumue ndio aongee."

Mtu mmoja alicheka. Wandera hakucheka.

Wageni walipoondoka aliniita uani. Hakupaza sauti. "Umeniaibisha kwa boma yangu," alisema. "Sasa chagua. Ukikaa, utakaa ukinyamaza. Ukienda, hutabeba hata kimoja."

Nilimwomba mfuko mmoja tu, hata bila kasha. Alikataa.

Nilichukua cherehani na nguo zangu, nikaita bodaboda. Sikugeuka nyuma. Si kwa ujasiri, wasomaji wangu. Ningegeuka, ningerudi.

Sasa nimepanga chumba Malaba, naanza upya na wateja wachache. Usingizi wangu si mzuri. Lori likipita na muziki ninaoujua, mkono unaniacha na sindano inakwenda upande. Majuzi Wandera alimtuma mtu: mashine ya muziki imekataa kucheza, sidii zinakwama, wageni wanalalamika, shemeji aje kidogo tu, Jumapili moja. Nilijua ni nini, lenzi inataka kufutwa kwa pamba. Kazi ya dakika chache. Nilikaa na yule mjumbe, nikamnywesha chai, nikamsindikiza mpaka barabarani. Sikuenda.

Kina dada, na hata kina baba mnaonisoma, nawasihi. Kitu chako kitaje kuwa chako, mbele ya watu, wakati ambapo kukitaja hakukugharimu zaidi ya kicheko cha jirani. Usimkopeshe mtu jina la mmiliki, hata umpendaye, hata kwa amani ya nyumba. Siku utakapolihitaji, hatakuwepo wa kulirudisha, na mashahidi waaminifu ndio watakaokufungia mlango.

Mimi bado nayapenda makasha yangu. Yako Busibwabo, ndani ya mifuko yangu, na hakuna anayejua kuyasoma.