Mbishi na Kipanuzi cha Daktari

Kila asubuhi kabla ya shule, Mbishi alikuwa na kazi moja iliyomchosha kuliko hesabu: kunywa chai na mkate. Alimega kipande kidogo, akakichovya kwenye chai mpaka kikalegea, akakitafuna kwa muda mrefu, akakimeza, kisha akasubiri. Mama yake, aliyekuwa fundi cherehani na kufanya kazi zake pale pale sebuleni, alimtazama juu ya miwani.

"Kinapita?"

"Kinapita, mama."

Ulikuwa uongo. Kwa wiki tatu sasa chakula kilikuwa kikikwama kifuani. Mama alipoinama kutunga uzi, mkate uliingia mfukoni mwa sketi, na bata wa jirani walikuwa wameanza kunenepa bila mwenye nao kujua sababu.

Mbishi alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina lake halisi lilikaa kwenye daftari za shule tu. Baba yake alisema kwa utani kwamba hata muuguzi aliyemchanja akiwa mchanga alitoka chumbani akiwa ameshindwa kwa hoja.

Alipokuwa na miaka minne, alikunywa dawa ya kuzibulia mabomba. Baba yake alikuwa fundi bomba, na majimaji yale makali ya kuyeyusha mafuta na nywele kwenye sinki yalikuwa sehemu ya kazi yake. Dawa ilimuunguza umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kidonda kilipona, lakini kovu lilijikunja na kuibana njia. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache, alipelekwa hospitali, akalazwa kwa dawa ya usingizi, na daktari akaipanua njia kwa kifaa kirefu kilichonyooka, kinachoitwa kipanuzi.

Nyumbani walisema yote yaliletwa na utundu wake. Alipanda stuli, akafungua kabati, akaitoa dawa mwenyewe. Mbishi alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi mno, hata alijiona kama anaikumbuka ile stuli.

Mara ya mwisho mambo yaliharibika. Kipanuzi kiligonga mahali kovu lilipopinda, kikachana ukuta wa umio. Alikaa wodini siku tisa kwa dripu, bila kutia kitu mdomoni. Madaktari wawili walisimama miguuni pake wakazungumza juu yake kama watu wanaojadili meza iliyovunjika mguu. Hakuna aliyemwambia kilichotokea. Alipotoka alijiapia: harudi tena, hata wambebe.

Ndiyo maana bata walinenepa.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana shuleni, wanafunzi walipewa viazi vya kuchemsha. Mbishi alikuwa akivunjavunja chake kwa kijiko, punje kwa punje, pale msichana mmoja wa darasa lao, nahodha wa timu ya netiboli, alipocheka.

"Jamani, mleteeni mtoto chupa ya maziwa. Na huyu ndiye anataka kucheza na sisi Jumamosi."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mbishi alimkazia macho nahodha. Akaokota nusu ya kiazi, akakitia mdomoni, akakitafuna mara mbili tu, akakimeza. Hakupepesa macho.

Kiazi kilishuka mpaka katikati ya kifua, kikasimama hapo. Alikunywa maji, maji yakarudi. Mate yakaanza kumjaa mdomoni, na hata hayo hayakuweza kushuka. Alihisi kama mtu amemkalia kifuani kwa makusudi.

Aliyekaa naye dawati moja, msichana waliyemwita Kidoti kwa sababu ya doa shavuni, aliona jasho linavyomtoka. "Namwita mwalimu," alisema.

Mbishi alitikisa kichwa, akamshika mkono wa sare na kuung'ang'ania.

"Hata ukininunia mwaka mzima," Kidoti alisema, akauchomoa mkono wake, akakimbia.

Baba alifika na pikipiki yake, nguo za kazi zikiwa bado na tope. Hospitalini walimkuta daktari mgeni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Mchana huo huo alimlaza Mbishi, akapitisha kamera nyembamba yenye koleo dogo, akakitoa kile kiazi vipande vipande.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuja wodini. Baba alikuwa ameketi pembeni ya kitanda.

"Tundu lililobaki halizidi mrija wa kalamu," daktari alisema. "Kesho inabidi tulipanue."

"Sikubali," Mbishi alisema.

Baba alishtuka. "Mama, daktari hajibiwi hivyo."

"Mwache aseme, mzee." Daktari alivuta kiti, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Mbishi. "Hukubali kwa nini?"

Mbishi hakuwa amezoea kuulizwa. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, si kujieleza, kwa hiyo maneno yalitoka yakiwa yamekunja ngumi. "Mara ya mwisho mlinichana. Nikakaa siku tisa na njaa. Na hamkuniambia. Mlisema 'mgonjwa ametulia.' Mimi sikuwa nimetulia."

"Nimelisoma faili lako," daktari alisema. "Ni kweli, ulichanwa. Kovu lako limepinda kama kona, na kipanuzi kilichonyooka hakijui kukata kona. Ulipaswa kuambiwa siku ile ile. Nakuomba radhi kwa niaba yetu."

Kubishana na mtu aliyekubali kosa ni sawa na kusukuma mlango uliokwisha kufunguliwa.

Daktari alifungua boksi refu alilokuja nalo, akatoa kifaa cheusi. Kilikuwa mrija mwembamba wenye mpini, na kwenye mpini kulikuwa na gurudumu dogo. "Hiki ni cha kufundishia. Chako bado kimefungwa kwenye pakiti yake. Hiki kipanuzi kinaongozwa. Nikizungusha gurudumu, ncha inapinda ninakotaka, huku naiona kwenye kioo cha kamera. Kikishapita kona, sehemu hii ya nyuma inavimba polepole na kuipanua njia."

"Na hiki hakiwezi kuchana?"

"Kinaweza. Ni nadra, lakini kinaweza. Nikisema hakiwezi, nitakuwa nimekudanganya. Sasa na mimi niambie ukweli. Chakula kimeanza kukwama lini?"

"Juzi."

"Kovu halibani namna hii kwa siku mbili."

Mbishi alitazama shuka. "Wiki tatu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nawapa bata." Halafu hasira ikampanda tena. "Najua ni kosa langu. Tangu mwanzo ni langu. Nani aliniambia nipande stuli?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja.

"Hukupanda stuli," alisema.

Mbishi alimgeukia.

"Hapakuwa na stuli, mama. Dawa niliinunua ikiwa kwenye chupa ya soda. Niliiweka chini, karibu na mlango wa jikoni, nikaenda kunawa mikono. Wewe ulitoka kucheza ukiwa na kiu. Mama yako aliporudi nikaona haya, nikasema ulipanda stuli ukafungua kabati. Akaamini. Kila mwaka uliopita ikawa ngumu zaidi kuusahihisha uongo huo."

"Miaka minane," Mbishi alisema.

"Miaka minane."

"Mmenisema miaka minane kwa kitu ambacho sikukifanya." Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Toka nje, baba."

Baba alitoka. Daktari alibaki amekaa tu, kipanuzi mapajani, mpaka Mbishi alipougeuza uso wake kutoka ukutani na kunyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Alizungusha gurudumu. Ncha ikainama kulia, ikainama kushoto, laini kama shingo ya kuku anayetazama punje. Akafikiri kidogo.

"Mwambie huyo aliye nje alete kipande cha bomba chenye kona. Najua hakikosi kwenye pikipiki yake."

Daktari alikwenda kumwambia huyo aliye nje. Baba alirudi na bomba la plastiki lililopinda, pamoja na kipande cha waya mnene, akaviweka kitandani. Mbishi alisukuma waya kwanza. Ulikwenda vizuri mpaka kwenye kona, ukagonga ukuta. Akausukuma kwa nguvu. Ukakwaruza plastiki na kuacha alama. Aliitazama alama ile kwa muda. Kisha akachukua kipanuzi. Kilipofika kwenye kona alizungusha gurudumu, ncha ikainama, na kifaa kikateleza mpaka upande wa pili. Alirudia mara nne.

"Nakubali," alimwambia daktari. "Lakini nikiamka, unaniambia mimi kwanza kilichotokea. Mimi kabla ya baba na mama. Hata kama ni kibaya."

"Wewe kwanza," daktari alisema. "Na chakula kikianza kukwama, mimi naambiwa siku hiyo hiyo. Si bata."

Kesho yake Mbishi alizinduka, kichwa kizito na koo likimkereketa. Kabla hajauliza, uso wa daktari ulikuwa mbele yake.

"Kimepita kona. Hakuna kilichochanika. Leo nimepanua kidogo tu. Tutaendelea baada ya wiki mbili."

Jioni walimpa maji. Alikunywa funda moja, akangoja maumivu. Maji yalishuka moja kwa moja bila kusimama popote. Mama yake, ambaye baba alikuwa amekwisha kumwambia habari yote ya stuli, alikaa ukingoni mwa kitanda akimwomba binti yake msamaha. Mbishi alimsamehe mama siku hiyo. Lakini kwa baba alisema, "Bado."

"Nitangoja," baba alisema.

"Usingoje tu. Hiyo chupa uliinunua wapi?"

Ndiyo sababu, wiki moja baadaye, baba na binti waliingia pamoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyuma ya kaunta kulikuwa na pipa la dawa ya kuzibulia mabomba, na kwenye rafu ya chini chupa kumi na moja za soda zilizojazwa dawa ile ile. Ukizitazama, ungedhani ni kinywaji cha nanasi.

Baba alikohoa kidogo. "Miaka minane iliyopita nilinunua chupa kama hizo hapa kwako," alimwambia mwenye duka. "Niliiacha ovyo nyumbani, na binti yangu huyu akainywa. Kosa ni langu, na nililificha. Lakini nakuomba usiuze tena namna hii."

"Pole sana, fundi," mwenye duka alisema. "Lakini wateja wangu ni watu wazima. Kila mtu atunze watoto wake."

"Sitoki hapa," Mbishi alisema.

"Unasemaje, binti?"

"Nimesema sitoki."

Akasimama kando ya kaunta. Alipoingia mteja wa kwanza, alimwambia kwa heshima, "Shikamoo. Kilichomo kwenye chupa zile si soda, ni dawa ya mabomba. Mimi niliinywa nikiwa na miaka minne." Mteja alinunua misumari yake huku akizikodolea macho zile chupa. Wa pili naye aliambiwa vivyo hivyo. Mwenye duka alimtazama baba ili amkanye mwanawe, lakini baba alikunja mikono kifuani, akasimama karibu na binti yake. Mteja wa tatu alikuwa fundi bomba mwenzake baba, mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Alikuwa amekwisha kuishika chupa moja. Alimsikiliza Mbishi mpaka mwisho, akairudisha polepole.

"Mimi nina wawili wadogo nyumbani," alisema.

Mwenye duka alishusha pumzi ndefu. Alikwenda stoo, akarudi na galoni nyeupe zenye vifuniko vya kubana na picha ya hatari pembeni. "Haya, umeshinda. Nitauza kwenye hizi." Mbishi hakuondoka mpaka chupa zote kumi na moja zilipomiminwa kwenye galoni na kutobolewa vitako ili zisitumike tena.

Njiani kurudi, alipanda nyuma ya pikipiki na kumshika baba yake kiunoni. Bado hakuwa amemsamehe. Lakini alimshika kwa mikono miwili.

Siku ya kurudi hospitali, Mbishi alimweleza daktari kwamba mkate na mayai vilishuka vizuri, ila nyama ilikwama mara moja, siku ya Jumanne. Daktari aliandika kila neno. Kisha baba akasimulia mambo ya dukani, na daktari akacheka mpaka akavua miwani.

"Kuna watu watakuambia uache ubishi," alimwambia Mbishi. "Mimi sikuambii hivyo. Ulinibishia mimi, na sasa nazungumza na wagonjwa wangu vizuri zaidi. Ulimbishia mwenye duka, na kuna mtoto mahali fulani hatajua kamwe kwamba umemwokoa. Lakini kwa wiki tatu uliubishia mwili wako mwenyewe, ukaficha maumivu, na nusura ubishi huo ukuue. Maumivu ni habari. Anayeyaficha anamnyima daktari macho. Na uongo, uwe wa mtoto au wa mzazi, unaacha kovu linalobana zaidi kila mwaka."

Baba aliinamisha kichwa, akakubali.

"Na siku nikichoka kabisa kuja huku?" Mbishi aliuliza.

"Utakuja kuniambia kwamba umechoka, na tutabishana hapa hapa, uso kwa uso. Mimi nina masikio. Kovu halina."

Mbishi alilifikiria jambo hilo, hakuona pa kulipinga, akavua viatu na kupanda kitandani mwenyewe.